Karatasi Iliyokwama Rusizi: kisa cha binti aliyesoma Kifaransa Dodoma

Machi 2024 binti mmoja aliingia ofisini kwangu, chumba kimoja cha kupanga Barabara ya Sita hapa Dodoma mjini, amebeba bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zote. Alinipa shikamoo, nikamkaribisha kiti, akamwaga vilivyomo mezani: shahada ya Kifaransa na Kiingereza ya mwaka 2022, cheti cha Kichina cha HSK ngazi ya pili, na nakala kumi na nne za barua za kuomba kazi. Mbili ndizo zilizojibiwa, zote kwa kukataliwa.

"Mama, nimesoma lugha miaka mitatu," akaniambia. "Sasa naomba uniambie, lugha inaajiriwa wapi?"

Mimi natafsiri kwa malipo, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na vijana kama yeye hunijia kila baada ya mahafali. Kisa chake naandika kwa ruhusa yake, bila jina, kwa kuwa kimebeba karibu kila kitu kinachowapata wanafunzi wa lugha za kigeni katika mji huu. Umo ushauri mbaya, na wangu mmojawapo. Imo kazi ya kukurupukia. Na umo mlango ambao hakuna aliyemwonyesha, nao ulikuwa pembeni ya barabara anayopita kila akienda Dar es Salaam.

Alikotoka

Kwao ni Kondoa. Nyumbani Kirangi, shule ya msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza, chuoni Kifaransa, na jioni akawa anahudhuria madarasa ya Kichina. Hajafikisha miaka ishirini na mitatu tayari ana lugha tano kinywani. Mama yake anauza vitunguu na nyanya Soko la Majengo, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa jambo la kujivunia mbele ya wenzake wa meza za jirani. Kisha maswali yakaanza. Aliyesoma uuguzi ni nesi. Aliyesoma uhasibu ni mhasibu. Wako aliyesoma Kifaransa ni nani?

Jibu la kwanza la kila mtu ni ualimu, na hapo ndipo alipopata pigo la kwanza. Matangazo ya ajira za walimu wa sekondari yanataka shahada yenye elimu ndani yake, au kwa mwenye shahada ya kawaida, stashahada ya uzamili ya elimu. Yake ilikuwa lugha tupu. Kufundisha kungemgharimu mwaka mwingine darasani na ada juu yake, huku deni la mkopo wa chuo likimsubiri. Hili ni jambo la sentensi moja. Mtu yeyote angeweza kumwambia siku anajaza fomu za kuomba chuo, akachagua akijua. Yeye alilijua akiwa amesimama mbele ya tangazo la kazi, na kila nikilikumbuka linaniuma upya, maana wapo wengi wanaojaza fomu zilezile hivi sasa.

Jibu la pili ni Wizara ya Mambo ya Nje. Tangu Serikali ihamie Dodoma, wizara iko Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na kijana akiiona kwa macho yake huhisi ajira nayo imesogea. Haijasogea. Nafasi ni chache na zinagombaniwa na waliosoma uhusiano wa kimataifa, sheria na uchumi, tena balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam. Ukalimani wa mikutano nao upo, na Arusha ndiko kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili vina nafasi yake. Lakini yule mkalimani wa kibandani, anayesikia kwa lugha moja huku anasema kwa nyingine, hupokezana na mwenzake kila baada ya kama nusu saa kwa sababu kichwa hakihimili zaidi. Huo ni ufundi wa kusomewa peke yake baada ya shahada.

Kuongoza watalii alijaribu. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na Kolo ni kwao kabisa. Wageni wanaofika ni wachache mno wakilinganishwa na wa mbuga za kaskazini. Alikaa wiki mbili, akarudi mjini.

Na mimi? Alinipigia simu mara ya kwanza mwishoni mwa 2022. Nilimwambia afungue akaunti kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za Serikali, ajaze kila kitu vizuri, kisha avute subira. Sikumuuliza hata swali moja. Nilimjibu haraka kama anayetaka kurudi kwenye kazi zake, naye akavuta subira nusu mwaka kwa sababu yangu.

Miezi mitatu saiti

Katikati ya 2023 aliitwa kazini. Dodoma ya wakati huo ilikuwa imejaa ujenzi: reli ya kisasa, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, majengo ya wizara, na chini ya hiyo miradi mikubwa kulikuwa na kampuni ndogondogo nyingi zenye saiti zake. Mojawapo, ambayo sitaitaja, ilitaka mtu wa Kichina. Hawakumpa mkataba. Waliangalia cheti, wakaona neno Kichina, wakamwambia aanze Jumatatu.

Kwa kipimo cha mtihani alioufanya yeye, HSK ngazi ya pili ni maneno 300. Ni maneno ya kununua matunda, kuuliza saa, kuelezea familia. Kwa muda yalitosha, maana saiti sehemu kubwa ya mazungumzo ni vidole na michoro ya mkaa ukutani. Hayakutosha Jumamosi moja jioni.

Vibarua kama arobaini walikuwa wamekusanyika mbele ya kontena linalotumika kama ofisi, malipo yamechelewa wiki mbili. Mkuu wa saiti alitoka, akaongea sentensi moja ndefu, kisha akamtazama binti. Alidaka maneno mawili. Moja ni *fùqián*, kulipa fedha. La pili ni *xià ge yuè*, mwezi ujao. Katikati palikuwa na neno *yèzhǔ*, ambalo hakuwahi kulisikia. Macho arobaini yakamsubiri. Akasema, "Anasema mtalipwa mwezi ujao."

*Yèzhǔ* ni mwenye mradi. Alichosema yule bwana ni kwamba mwenye mradi akishawalipa wao, ndipo nao watalipa, labda mwezi ujao. Sharti lote lilikuwa kwenye neno lile moja, likapotelea hewani.

Mwezi ujao ulifika, fedha hazikufika. Hawakumkasirikia mkuu wa saiti, maana yeye hawakumwelewa tangu mwanzo. Walimgeukia aliyesema Kiswahili. Fundi mmoja wa umri wa baba yake alimvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, bila kumgombeza, "Mwanangu, mimi nilikopa kwa neno lako." Aliponisimulia hapo, binti alinyamaza muda mrefu. Aliacha kazi wiki ileile, na mshahara wake wa mwezi wa mwisho haukulipwa mpaka leo.

Nimelifikiria tukio hili kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa. Ni rahisi kusema hakujua lugha ya kutosha, na ni kweli. Lakini wapo wakalimani wanaojua maneno elfu kumi ambao bado wangeharibu pale, kwa sababu kilichokosekana ni kuinua mkono na kusema, "Subiri, kuna neno sijalielewa, rudia." Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mkalimani, kuyasimamisha mazungumzo kabla hayajamponyoka. Darasani tunawazoesha kinyume chake. Anayesema "silijui" anapoteza alama, anayekisia anapata nusu. Mwanafunzi akikisia miaka mitatu, atakisia na mbele ya vibarua arobaini.

Swali tuliloligeuza

Siku ile ya Machi nilimwomba arudishe zile barua kumi na nne kwenye bahasha. Nikamwambia aache kuuliza lugha inaajiriwa wapi. Nilimpa wiki mbili azunguke kwa watu anaowajua, ndugu, majirani, wateja wa mama yake, na amuulize kila mmoja jambo hili tu: una karatasi iliyokwama kwa sababu ya lugha?

Nilisema karatasi kwa makusudi. Watu wakionana uso kwa uso huelewana, hata kwa ishara na tabasamu. Karatasi haina mikono ya kuonyeshea. Ikifika mezani kwa mtu asiyeielewa inalala hapohapo, na kilichofungamana nayo, mzigo, malipo au matibabu, kinalala pamoja nayo. Anayeweza kuiamsha atalipwa, na hakuna atakayemuuliza ana shahada ya nini.

Alirudi na majibu matatu. La kwanza, mchomeleaji wa Chang'ombe aliyenunua mashine yenye maelekezo ya Kichina kitupu. Hiyo aliikataa mwenyewe, akamwambia fundi Kichina chake hakifiki huko, nami nikafurahi kuliko kama angeikubali. La pili, jirani mwenye cheti cha ndoa cha Bujumbura alichotaka kitafsiriwe kwa ajili ya ofisi fulani. Tulikifanya pamoja kwa jioni moja. La tatu lilitoka kwa mjomba wake, mfanyabiashara wa nafaka Kibaigwa.

Anayeijua barabara ya Dodoma kwenda Morogoro anaijua Kibaigwa, wilaya ya Kongwa: soko kubwa la mahindi, mizani, madalali, wapagazi, na malori yamepanga foleni hadi barabarani. Mjomba alikuwa na mteja wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Mwanzoni alimcheka mpwa wake. "Kifaransa cha nini? Huyo Mkongo ananipigia kwa Kiswahili." Ni kweli, Bukavu wanaongea Kiswahili, na wawili hao walikuwa wamefanya biashara mwaka mzima bila mkalimani. Lakini wiki ile lori lilikuwa limezuiwa siku ya nne. Lilipita Singida, Nzega, Rusumo, likaikata Rwanda yote, likafika mpaka wa Rusizi, likasimama mlangoni pa Bukavu. Mteja alisema tu, kwa Kiswahili safi kabisa, "Karatasi zina matatizo."

Zilikuwa na tatizo moja. Binti aliomba nakala ya ankara, akaisoma amesimama pale kwenye mizani, vumbi la pumba likimwangukia. Magunia 285 ya kilo mia. Karani wa mjomba alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kisha akapitisha maandishi kwenye programu ya kutafsiri ya simu ili yawe Kifaransa. Simu ilitafsiri maneno yote sawasawa. Tarakimu ilizipitisha kama zilivyo: 28,500 kg.

Kwetu, tulivyorithi kwa Waingereza, koma hutenga maelfu, kwa hiyo hizo ni kilo elfu ishirini na nane na mia tano. Katika maandishi ya Kifaransa koma hutenga desimali. Karatasi ile, ikisomwa Kifaransa, ilitangaza mzigo wa kilo ishirini na nane na nusu. Tamko la forodha la mteja, lililojazwa na Mkongo, lilisema 28 500, kwa nafasi bila koma. Afisa wa mpakani anajua vizuri kuwa lori haliendi Bukavu na kilo ishirini na nane. Ila kazi yake ni kulinganisha karatasi na karatasi, nazo hazikulingana.

Walichapa upya pale steshenari ya stendi. Aliondoa koma, akaacha nafasi, na chini yake akaandika uzito kwa maneno, *vingt-huit mille cinq cents kilogrammes*, asiachie mtu pa kukisia. Mjomba akagonga muhuri, picha ikatumwa kwa WhatsApp, na kesho yake mchana lori liliachiwa. Siku nne za dereva, turubai na maegesho zilikuwa zimeshateketea. Mjomba alimpa shilingi 50,000, na tangu siku hiyo hakucheka tena.

Sheria ile ya koma alifundishwa mwaka wa kwanza. Ipo kwenye daftari lake la chuo, mstari mmoja, kwa maandishi yake mwenyewe. Elimu aliyopewa ilikuwa ya kweli. Ilikosa mahali pa kusimama mpaka siku ilipokutana na gunia.

Daftari la safu tatu

Kuanzia Aprili 2024 alikuwa Kibaigwa siku tatu kila wiki, na msimu wa mavuno karibu kila siku. Nilimwambia anunue daftari, alipige mistari safu tatu: neno la Kifaransa, neno la watu wa soko, na aliyemwambia. Safu ya tatu niliisisitiza kuliko nyingine, maana neno la kazi lina mwenyewe, na ukibishiwa lazima ujue urudi kwa nani.

Ukurasa wa kwanza ni tarakimu. Wakongo, Warwanda na Warundi walipokea Kifaransa kwa Wabelgiji, hivyo sabini kwao ni *septante* na tisini ni *nonante*, wakati yeye alizoezwa *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix* za Ufaransa. Na Mkongo anaweza kuongea Kiswahili dakika kumi, ikifika hesabu akahamia Kifaransa bila kujitambua. Mjomba alikuwa akiitikia "sawa, sawa" kwa bei ambazo hakuzisikia.

Ukurasa wa tatu kuna lumbesa. Sokoni gunia likijazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba ni lumbesa, na ingawa imekatazwa, haijaisha. Mteja wa Bukavu analipia kilo, mkulima anahesabu magunia, na kwenye pengo hilo ugomvi huzaliwa. Binti alitafuta Kifaransa cha lumbesa, akakikosa. Akaacha kulitafsiri, akaingiza kwenye kila mkataba kifungu kinachosema gunia ni kilo mia halisi zilizopimwa mbele ya pande mbili. Hapo nilijua amevuka. Mwanafunzi hutafuta neno linalolingana na neno. Yeye alikuwa ameanza kuangalia ni nini wale watu wawili wanahitaji kukubaliana.

Kufikia Desemba alikuwa na wafanyabiashara watano, analipwa 40,000 kwa nyaraka za lori moja: ankara, orodha ya mzigo, mkataba, na barua ya Kifaransa ya kusindikiza cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka husika, TPHPA. Wiki nyingine lori moja, wiki nyingine matano. Si utajiri. Kodi ya chumba alilipa mwenyewe, na meza ya mama yake ikapata mwavuli mpya.

Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Simu ya mteja mkubwa ilinyamaza. Wateja watatu kati ya watano wa binti walikuwa wanauza upande huo, kwa hiyo kipato chake kilianguka ndani ya siku zisizozidi kumi, na kabla ya kuwaza fedha alikuwa anawaza kama yule bwana wa *nonante* yuko hai. Alipatikana Machi, yuko salama na familia yake, ila duka limefungwa. Binti aligeukia Bujumbura, ambako nyaraka zake ni za Kifaransa vilevile, na nusu ya kazi ikarudi. Nilipaswa kumwonya mapema kwamba mpaka mmoja si ajira. Sikuwaza.

Alipo sasa

Mbele yake kuna njia mbili. Mama yake anataka asome ile stashahada ya elimu, awe mwalimu, na simlaumu: mwalimu ana mshahara unaojulikana tarehe yake, ana bima na ana kiinua mgongo, na mwanamke aliyeuza vitunguu miaka ishirini anajua thamani ya tarehe. Mimi naona aanze na cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo kinachofundishwa Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. Sasa hivi anaisahihisha karatasi ya mtu mwingine. Akiwa wakala atakuwa na haki ya kuipeleka mwenyewe, na wakala anayesoma Kifaransa bila simu si wa kuokoteka, wakati Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na lori za Burundi zinapita hapa usiku na mchana. Ualimu unaweza kusubiri mwaka mmoja. Nafasi ya Kibaigwa, akiiacha mwaka, ataikuta na mtu mwingine. Hajaamua, na sitamsukuma kama nilivyomsukuma ile mara ya kwanza.

Wiki iliyopita alikuja na daftari kunionyesha ukurasa mpya. Mnunuzi wa Bujumbura alikuwa amelalamikia shehena, akatumia neno *charançonné*. Binti alilitafsiri "yenye wadudu", mjomba akakana: mahindi yangu hayana wadudu, nimeyapepeta. Barua zikarushianwa siku mbili. Jioni binti aliisoma kwa sauti akiwa amekaa mezani kwa mama yake pale Majengo, na mama, huku anapanga vitunguu, akasema wadudu wanaweza kuwa juu juu tu, ukapepeta wakaisha. Hayo anayoyasema huyo Mrundi yameshaliwa ndani, punje ina tundu, unga umetoka. Hayo yamebunguliwa.

Ndivyo ilivyo kwenye daftari, kwa wino wa bluu: *charançonné*, yaliyobunguliwa, na kwenye safu ya tatu, mama.